Majina ya Ajabu ya Waigizaji

Anayekutana na jina la Benedict Cumberbatch kwa mara ya kwanza hushuku kwamba limetungwa ili livutie watu. Shaka hiyo haina msingi, na makala hii inashikilia kinyume chake: katika filamu za Marekani na Uingereza, jina la kubuni aghalabu ni lile lisilomshangaza mtu, ilhali lile la ajabu ndilo alilozaliwa nalo mwenyewe. Cumberbatch ni jina la ukoo. Aliyelificha ni baba yake, mwigizaji pia, aliyejulikana kazini kama Timothy Carlton. Katika enzi ya studio kubwa za Hollywood, jina lilitakiwa litamkike kwa wepesi, litoshee kwenye bango, na lisifichue asili ya kigeni. Hivyo Archibald Leach wa Bristol akawa Cary Grant, na Issur Danielovitch, mtoto wa wahamiaji Wayahudi, akawa Kirk Douglas. Hata Arnold Schwarzenegger alitambulishwa kama Arnold Strong katika filamu yake ya kwanza, ya mwaka 1970. Jina lililodhaniwa kuwa halimezeki ndilo lililokuja kuuza tiketi dunia nzima.

Sababu ya pili ni ya kiofisi, na ndiyo yenye uzito zaidi ingawa hutajwa kwa nadra. Vyama vya waigizaji vya nchi hizo mbili vilijiwekea kanuni kwamba wanachama wawili wasitumie jina moja. Kanuni hiyo humbana mwenye jina la kawaida. Michael Keaton alizaliwa Michael Douglas, jina ambalo tayari lilikuwa na mwenyewe. David McDonald wa Scotland alikuta hali hiyohiyo akawa David Tennant. Emily Stone akawa Emma. Mtu anayeitwa Keanu Reeves hana wa kugombana naye kwenye daftari la wanachama, kwa hiyo Keanu, jina la Kihawaii alilopewa na wazazi wake, limebaki, ijapokuwa mawakala wa mwanzo walitaka alibadili.

Atakayepinga atamtaja Whoopi Goldberg, aliyezaliwa Caryn Johnson mwaka 1955. Pingamizi hilo ni la haki, ila Goldberg alianzia kwenye uchekeshaji, na huko jina ni sehemu ya kichekesho. Desturi hiyo ipo Afrika Mashariki pia: King Majuto wa Tanzania alikuwa Amri Athumani. Atakayemtaja River Phoenix atakuwa amekosea nusu, kwani River, nusu inayotiliwa shaka zaidi, alipewa alipozaliwa. Kilichobadilishwa na familia nzima ni jina la ukoo, Bottom, ambalo kwa Kiingereza hualika mzaha. Nchini Kenya, Mzee Ojwang' wa Vitimbi ni mfano mzuri kuliko wote. Ojwang' ni jina la kawaida kabisa la Kijaluo, lisiloweza kumshtua mtazamaji yeyote, na aliyelibeba kwa miongo mingi alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu.

Ugeni wenyewe, bila shaka, hutegemea sikio la anayesikia. Lupita Nyong'o huonekana kuwa na jina la kutungwa kwa asiyejua kwamba alizaliwa Mexico City mwaka 1983 kwa wazazi Wajaluo. Kila nusu ya jina lake ina kwao. Wala si sahihi kuliita kila jina la kazini la uongo. Michael Caine, aliyezaliwa Maurice Micklewhite, alilichukua jina lake kwenye anwani ya filamu ya mwaka 1954, akaishi nalo zaidi ya miaka 60, na mwaka 2016 akalifanya kuwa jina lake kisheria, kwa kuwa pasipoti yenye jina la zamani ilimchelewesha viwanja vya ndege. Ben Kingsley naye alizaliwa Krishna Bhanji, Yorkshire, mwaka 1943, na akachagua jina la Kiingereza ili apate kazi. Hata hivyo, kwa maelezo yake, Kingsley alilitoa kwa babu yake, Mgujarati aliyefanya biashara ya viungo Zanzibar na kupewa lakabu ya mfalme wa karafuu. Kwa jina hilo la Kiingereza ndipo alipoigiza Gandhi mwaka 1982.