Dawa Zilizofundisha Nyanza Kusini

Novemba 2001, katika hospitali ya wilaya ya Homa Bay, wagonjwa wa Ukimwi walianza kupewa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa hospitali ya umma nchini Kenya kufanya hivyo. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilikuwa limepiga kambi mjini humo tangu 1996, na Rais Daniel arap Moi alikuwa ameutangaza Ukimwi kuwa janga la taifa Novemba 1999. Mapema mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilikuwa imejitolea kuiuzia MSF mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati dawa za kampuni zenye hataza zilikuwa zimezoeleka kwa dola 10,000 na zaidi. Bunge la Kenya nalo likapitisha sheria iliyofungua njia ya kuagiza dawa za bei nafuu kutoka nje.

Habari ya bei imesimuliwa sana. Lililosimuliwa kidogo ni kwamba wauguzi na maafisa wa kliniki, waliohitimu kabla dawa hizi hazijatajwa darasani, walianza kusoma famakolojia upya, wodini, mgonjwa akiwa mbele yao. Homa Bay na jirani yake Migori, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, hazikuwa na shule ya udaktari. Hata hivyo, kila nikiisoma historia ya somo la dawa nchini Kenya, huishia nikirudi kwenye ukingo huu wa Ziwa Victoria.

Chukua nevirapini, moja ya zile dawa tatu za mwanzo. Mgonjwa aliianza kwa miligramu 200 mara moja kwa siku, siku 14, ndipo akapanda hadi mara mbili kwa siku. Sababu yake ni funzo zima. Nevirapini hulichochea ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vinavyoivunja nevirapini yenyewe. Wiki mbili za kwanza, ini likiwa bado halijashika kasi, dozi kamili hujaa damuni kupita kiasi, na mgonjwa yuko katika hatari zaidi ya kutokwa na upele ambao mara chache huchubua ngozi ya mwili mzima na kuua. Katika kitabu, jambo hili huchukua mistari miwili ambayo mwanafunzi huikariri usiku wa mtihani na kuisahau asubuhi. Hospitalini, muuguzi alilazimika kumweleza mvuvi wa Mbita kwa nini wiki hii ameze kidonge kimoja na baada ya wiki mbili ameze viwili, na amweleze vizuri kiasi kwamba mtu huyo, akiwa kisiwani mbali na zahanati, asikosee hesabu.

Kisha kikaja kifua kikuu, ambacho katika eneo hili kilitembea na virusi bega kwa bega. Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, ni mchochezi mkali zaidi wa vimeng'enya hivyohivyo vya ini. Ukimpa mgonjwa rifampisini na nevirapini pamoja, nevirapini hupungua damuni, virusi hupata nafasi, na usugu huanza. Kwa hiyo mgonjwa wa magonjwa yote mawili alibadilishiwa, akapewa efavirenzi, dawa inayoleta kizunguzungu na ndoto za ajabu, na ndiyo maana humezwa wakati wa kulala. Afisa wa kliniki aliyepitia mambo hayo kwa mwaka mmoja hakuwa na haja ya kukumbushwa maana ya dawa kuingiliana.

Lakini mwalimu mkali kuliko wote alikuwa stavudini, nyingine kati ya zile dawa tatu. Ilikuwa nafuu, ilifanya kazi haraka, na iliwainua watu waliokuwa wamebebwa kwa machela. Baada ya miezi au miaka, baadhi yao wakaanza kulalamika kwamba nyayo zinawaka moto na vidole vimekufa ganzi. Wengine mashavu yakabonyea, mikono na makalio yakakonda huku tumbo likitokeza, hata majirani wakawa wanamtambua mtu kwa sura aliyoachiwa na dawa. Mwanzoni dozi ilifuata uzito: miligramu 40 kwa aliyezidi kilo 60, na 30 kwa aliye chini ya hapo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likasema kila mtu mzima apewe 30. Mwishoni mwa 2009 likashauri nchi ziiache kabisa. Nchi tajiri zilikuwa zimeshaipa kisogo miaka kadhaa kabla. Nasema wazi: mgonjwa wa Ndhiwa alimeza stavudini muda mrefu kuliko alivyostahili kwa sababu ilikuwa rahisi kununua, na somo la madhara ya dawa likafundishwa kwa miguu yake.

Mgonjwa huyo hakubaki mwanafunzi tu. Kabla ya kuanzishiwa dawa, mtu alipitia vikao vya ushauri: akajua jina la kila kidonge, saa ya kumeza, dalili za hatari, na kwa nini kuruka siku kunavipa virusi mwanya. Waliotangulia wakawa washauri wa waliofuata. Uchunguzi uliofanywa Ndhiwa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne akiishi na virusi. Mahali kama hapo, maarifa ya dawa hayawezi kubaki kwa wenye makoti meupe.

Historia yenyewe ni ndefu zaidi ya Ukimwi. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalienea kuzunguka ziwa kutoka Busoga, yakaua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda, na visiwa na fuo za upande huu hazikusalimika. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch alikwenda visiwa vya Sese, Uganda, kuwajaribia wagonjwa dawa ya atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki. Dawa hiyo iliondoa vimelea damuni kwa muda. Pia iliwapofusha baadhi ya waliodungwa. Kule Frankfurt, Paul Ehrlich alikuwa akiichambua atoksili hiyohiyo, akitafuta namna ya kuibadili ili iue kijidudu na kumwacha binadamu. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Salvarsan, dawa ya kaswende iliyoingia sokoni mwaka 1910. Kila mwanafunzi wa famakolojia hufundishwa kuhusu Ehrlich. Wachache huambiwa kwamba sehemu ya hesabu hizo ililipwa kwa macho ya watu wa ziwa letu.

Malale hayakuondoka hivihivi. Bonde la Lambwe, katika kaunti ya leo ya Homa Bay, lilikuwa makao ya mbung'o wanaoyaeneza, na mlipuko wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulirudisha ugonjwa huo kwa kishindo. Tiba ilitegemea hatua ya ugonjwa. Vimelea vikiwa bado damuni, suramini ilitosha. Vikishaingia ubongoni, suramini haina la kufanya, kwa maana haipenyi ukuta unaotenga damu na ubongo. Hapo ilibaki melarsoproli, aseniki nyingine, iliyobuniwa na Ernst Friedheim miaka ya 1940. Ilichanganywa katika kiowevu kinachounguza mshipa na kuharibu bomba la sindano la plastiki, kwa hiyo bomba la kioo likahitajika. Kati ya kila wagonjwa 100, watano hadi kumi walipata uvimbe wa ubongo kutokana na dawa yenyewe, na takriban nusu ya hao walikufa. Sijui somo jingine linaloeleza kwa ukali hivyo maana ya kupima faida dhidi ya hatari. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya.

Vyuoni, mambo yalikwenda kwa mwendo wake. Famakolojia kama taaluma inayojitegemea ilianza mwaka 1847, Rudolf Buchheim alipofungua maabara nyumbani kwake huko Dorpat, mji ambao leo ni Tartu, Estonia. Kabla yake, wanafunzi walikariri majina ya mizizi na unga na namna ya kuvichanganya. Buchheim akauliza vinafanya nini mwilini. Afrika Mashariki ilipata shule ya udaktari Makerere mwaka 1924. Nairobi ilianza kufundisha wahudumu wa afya mwaka 1927, na hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa leo wa Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari mwaka 1967. Miaka hiyo yote, aliyeandika dawa Nyanza Kusini alikuwa hasa yule ambaye hakuwahi kukalia kiti cha chuo kikuu: mfunga vidonda wa zahanati, muuguzi wa misheni, na afisa wa kliniki. Waadventista walikuwa Gendia, karibu na Kendu Bay, tangu 1906, na hospitali yao ya Kendu bado inafundisha wauguzi.

Kwa watu hao, sera moja ilileta mageuzi kuliko mihadhara mingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, na Kenya ikaandika yake mwaka 1981. Zahanati za mashambani zikaanza kupelekewa masanduku yaliyofungwa, yenye dawa chache zilizochaguliwa kulingana na idadi ya wagonjwa, na wahudumu wakapewa mafunzo ya kuzitumia. Lawama za masanduku zinajulikana: yalileta vidonge ambavyo havikuhitajika na kukosa vilivyoisha. Mimi nayatetea. Mhudumu mwenye dawa 40 anazozijua ni salama kuliko mwenye 400 anazozisikia tu.

Ndani ya sanduku palikuwa na klorokwini, dawa chungu iliyowafanya wengi wetu tujikune usiku kucha. Usugu wa malaria dhidi yake uliripotiwa Kenya na Tanzania mwaka 1978. Serikali iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza mwaka 1998, miaka 20 baadaye. Ikaja Fansidar, dozi ya mara moja, iliyopendwa kwa urahisi wake. Urahisi huo ndio uliokuwa na kasoro: dawa yake hukaa mwilini wiki kadhaa ikipungua polepole, na vimelea vipya vinavyoingia hukutana na kiasi kisichotosha kuviua lakini kinachotosha kuvizoesha. Kufikia 2006 zahanati zilikuwa zikihamia artemetha na lumefantrini, ile inayojulikana kwa jina la Coartem. Fansidar ilibaki na kazi moja, kuwakinga akina mama wajawazito, na hadi leo hutolewa kliniki za kanda ya ziwa.

Coartem nayo ina masharti yake. Dozi sita kwa siku tatu, ya pili saa nane baada ya ya kwanza, na chakula chenye mafuta, kwa kuwa lumefantrini hunyonywa vibaya tumbo likiwa tupu. Sahani ya omena za kukaanga inatosha. Sentensi hiyo ya mwisho haimo kwenye vitabu vya Ulaya.

Leo KMTC ina matawi Homa Bay na Migori, na hospitali kuu ya Homa Bay imepewa jina la hospitali ya mafunzo na rufaa. Somo huanza kwa maswali mawili, mwili unaifanyia nini dawa, na dawa inaufanyia nini mwili. La pili huwapeleka wanafunzi hadi Cambridge mwaka 1905, ambako John Newport Langley alitumia nikotini na sumu ya kurare kwenye misuli ya kuku, akahitimisha kwamba seli zina kitu maalumu kinachopokea dawa. Ndiyo maana vipokezi vya aina fulani vinaitwa vya nikotini hadi leo. Mwanafunzi aliyetoka Kuria, ambako tumbaku imelimwa kwa miongo, pengine aliwahi kushinda shambani akivuna majani mabichi yenye umande na kurudi nyumbani akitapika, kichwa kikizunguka. Nikotini ilikuwa imepenya kwenye ngozi. Mhadhiri anayejua mahali alipo hataanza somo hilo na kuku wa Cambridge. Vivyo hivyo na zebaki: vizazi vya madaktari viliitumia kuwatibu wagonjwa wa kaswende, na leo wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Nyatike huishika kwa mikono mitupu.

Septemba 2019 Kenya ilichagua Homa Bay kuzindua chanjo ya malaria ya RTS,S, na kwa watoto wa huku hiyo ni ngao ya ziada. Vimelea navyo havijakaa kimya. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kutoka Rwanda vimelea vyenye mabadiliko ya kijeni yanayovisaidia kuhimili artemisinini, na mwaka 2021 ripoti kama hiyo ikatoka kaskazini mwa Uganda. Uganda iko ng'ambo ya maji tu kutoka kisiwa chetu cha Mfangano. Kwa sasa, anayeulizwa katika mtihani tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali huandika artemetha na lumefantrini, na hupewa alama zake zote.