Nyika na Gati: Mfanyakazi wa Taru Katika Vitabu vya Kazi

Historia ya tabaka la wafanyakazi wa pwani ya Kenya imeandikwa zaidi kutoka gatini. Mwandishi huanzia bandarini Mombasa, akahesabu walioajiriwa na waliogoma, na bara la karibu likabaki kuwa mahali walikotoka tu. Taru, nyika kavu ya Kwale iliyo baina ya Samburu na Mackinnon Road, yaonyesha upungufu wa mtazamo huo.

Katika maandishi ya wakoloni, Taru ni kikwazo. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. J. H. Patterson, mhandisi wa reli hiyo, alichapisha The Man-Eaters of Tsavo mwaka 1907; humo Taru ni miiba na vumbi jekundu linaloonekana kupitia dirisha la behewa. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuijenga njia hiyo, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Hata hivyo, masimulizi ya aina hii huwapa simba sifa na majina, nao wafanyakazi huachiwa tarakimu. Waduruma, wenyeji wa nyika hiyo, hawapati hata tarakimu. Nchi ikishaitwa tupu, kazi ya watu wake nayo haionekani.

Frederick Cooper alibadili mtazamo huo. Katika From Slaves to Squatters (1980) alichunguza jinsi utumwa, uliopigwa marufuku Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, ulivyoacha nyuma mgogoro wa ardhi na kazi. Katika On the African Waterfront (1987) alimfuata kibarua wa Mombasa. Neno hilo lenyewe lina historia: asili yake ni barua ndogo, cheti cha kazi ya siku. Aliyefanya kazi kwa siku aliweza pia kutokwenda kazini, hasa ikiwa alikuwa na shamba bara. Serikali ya kikoloni iliuona uhuru huo kuwa uvivu na hatari. Baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, juhudi za kumtenga kibarua na shamba lake na kumfanya mwajiriwa wa kudumu zilipata nguvu zaidi.

Hapa ndipo nyika inapopata maana ya kitabaka. Kwa Mduruma mwenye mbuzi na mahindi, Taru ilikuwa ngao: ilimwezesha kuukataa ujira duni. Lakini mvua zilipokosekana, nyika hiyo hiyo ndiyo iliyomsukuma hadi lango la bandari, naye akapokea alichopewa. Hivyo nguvu ya mfanyakazi haikupimwa kwa umoja wa gatini pekee. Ilipimwa pia kwa akiba ya ghalani.

Riwaya ya Kiswahili iliyoushughulikia ulimwengu huu kwa uzito ni Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi, inayohusu mgomo wa Unguja wa mwaka 1948. Rashidi, mwana wa kuli, anairithi kazi ya babake, na ufahamu wake wa kitabaka unakua miongoni mwa wachukuzi wenzake. Uyakinifu wa riwaya hii ni mkubwa: mzigo, jua na dharau ya msimamizi vinampa msomaji kipimo cha unyonyaji. Hata hivyo, mhusika wake ni mtu wa mji, asiye na kitu ila mabega yake. Ndiyo sababu kwake mgomo ni njia ya pekee ya kukataa. Kibarua wa Mombasa aliyetoka Taru alikuwa na njia ya pili, nayo ni kurudi kwao.

Tofauti hiyo si kasoro ya Kuli, kwani kila kazi ya sanaa huchagua uwanja wake. Ni onyo kwa mhakiki anayemfanya Rashidi kuwa kielelezo cha wavujajasho wote wa pwani. Anayechambua vitabu vya kazi hana budi kuuliza, mbali na mshahara wa mhusika, ana nini nyumbani siku asipokwenda kazini. Bila swali hilo, uhakiki wa kitabaka utarudia kosa la abiria wa behewa: utaipita Taru na kuiita tupu.