Bustani na mifugo katika shule ya bweni
Katika Lualaba mvua hunyesha tangu Oktoba hadi Aprili, kisha huja kiangazi. Kwa hiyo tuanze na maji kabla ya mbegu. Karibu na Kolwezi tuchague mahali mbali na machimbo na mito inayopokea maji ya viwanda, maana mboga hufyonza metali ambazo kuosha hakuziondoi. Lengalenga huvunwa baada ya wiki 4 hivi. Sungura hubeba mimba siku 31, na samadi yake hurutubisha bustani. Likizo kuu, Julai na Agosti, huangukia kiangazi: tuamue mapema nani atamwagilia na kulisha wanyama. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza (Mwanzo 2:15). Kulima peke yake hakutoshi.