Usurealisti, au koti la bwana

Tamthilia ya kwanza kubandikwa jina la usurealisti inatokea Zanzibar. Zanzibar ya jukwaani tu, maana Guillaume Apollinaire aliionyesha Paris, tarehe 24 Juni 1917. Thérèse amechoka kuamrishwa na mumewe. Matiti yake yanageuka maputo na kupaa, anaota ndevu, anajiita Tirésias. Kazi ya kuzaa inamwangukia bwana, naye kwa siku moja anapata watoto 40,049. Umma mzima wa Zanzibar unaigizwa na mtu mmoja asiyesema kitu. Apollinaire hakuwa mtetezi wa wanawake. Alitaka Wafaransa wazae zaidi. Lakini kichekesho chake kilifika mbali kuliko nia yake.

Aliieleza istilahi yake kwa mfano mzuri: mwanadamu alipotaka kuiga kutembea alibuni gurudumu, na gurudumu halifanani na mguu hata kidogo. Uhalisia, basi, huchora mguu. Uhalisia mazingaombwe humleta jini sebuleni, na wenye nyumba wakamwandalia chai, kwa kuwa jini tayari wanamjua. Usurealisti hauna haja ya jini wala mganga. Katika hadithi fupi za kifeministi hasa, hushika kauli ya kila siku, ile isiyomshtua mtu, ukaitii neno kwa neno mpaka ipasuke. Kuutafsiri kwa kuongeza “juu” kwenye “uhalisia” naona kunapotosha: msomaji atatazama mawinguni, na kumbe mambo yako mezani kwa karani.

Kalemie, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kauli ya namna hiyo iliwahi kuwa sheria. Sheria ya Familia ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, ilimfanya mume kuwa kichwa cha nyumba na kumtaka mke amtii. Kifungu cha 448 kilidai mke apate idhini ya mumewe kabla ya kujifunga kisheria kwa kazi ambayo angeifanya yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Sharti hilo la idhini liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Mazoea, kama kawaida, hayasomi gazeti la serikali.

Sasa tubuni hadithi. Mama muuza ndagala anataka mkopo.

“Mama, bwana yako iko wapi?”

“Alienda Moba.”

“Basi lete kitu yake.”

Kesho yake analeta koti. Karani anasimama: “Jambo, Papa. Karibu, ikala.” Koti linapewa kiti, Mama anabaki wima. Karani analiuliza koti bei ya ndagala, linanyamaza, naye anaandika: *mtu wa busara*. Mama anataja bei. Karani anamwomba asimkatize Papa. Mkopo unapita, pesa zinatiwa mfukoni mwa koti, na Mama anaambiwa alibebe polepole, Papa asichoke.

Hapo hakuna kiumbe wa ajabu hata mmoja, na anayechekwa ni karani. Leonora Carrington aliandika hadithi ya ukoo huu, iliyochapwa mwaka 1939: msichana asiyetaka kwenda kwenye dansi ya kuonyeshwa kwa wakubwa anamtuma fisi, aliyevaa gauni lake na uso wa mtumishi. Kwa Kiswahili, jirani wa karibu ninayemwona ni Penina Muhando, ingawa *Nguzo Mama* (1982) ni tamthilia, tena ya kiishara: wanawake wa kijiji wanahangaika kuisimamisha nguzo, na kila mmoja ana sababu ya kuiachia.

Mwandishi wa Kalemie atashawishika kulipatia koti sauti, labda na macho mawili mekundu. Asikubali. Koti likishaongea, wasomaji watasema ni ulozi, watamtafuta mlozi, na karani atatoka ofisini hana kosa.