Bakteria wanavyotengeneza insulini ya wagonjwa wa kisukari

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

MTOTO mwenye kisukari aina ya kwanza, awe Kyela, Tukuyu au Mufindi, hawezi kuishi bila insulini, dawa ambayo kwa sehemu kubwa duniani leo hutengenezwa na bakteria au hamira zilizopandikizwa jeni ya binadamu.

Insulini ni protini. Kwa mtu mwenye afya hutolewa na kongosho, na kazi yake ni kuiwezesha sukari iliyomo kwenye damu kuingia katika seli za mwili.

Tangu mwaka 1922, mgonjwa wa kwanza alipodungwa mjini Toronto, Canada, dawa hiyo ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Baadhi ya wagonjwa walipata mzio, na kwa waumini wasiokula nguruwe halikuwa jambo jepesi.

Mwaka 1978 wanasayansi wa kampuni ya Genentech na kituo cha City of Hope, Marekani, waliunda jeni za insulini ya binadamu, wakazipachika katika plasimidi, yaani kipande cha mviringo cha vinasaba, na kukiingiza ndani ya bakteria aitwaye Escherichia coli. Bakteria huyo, ambaye kwa kawaida huishi utumboni, akipata lishe na joto la kufaa hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na kila anapogawanyika huinakili pia jeni aliyopewa. Tangi moja la kiwandani hubeba mabilioni kwa mabilioni ya vibarua wasiodai ujira. Hata hivyo, protini haitoki ikiwa tayari: bakteria hupasuliwa, protini husafishwa, hukunjwa upya ipate umbo lake sahihi, ndipo huwa dawa.

Kampuni ya Eli Lilly iliruhusiwa kuiuza nchini Marekani mwaka 1982. Homoni ya ukuaji iliyotengenezwa kwa njia hiyo ilifuata mwaka 1985. Novo Nordisk ya Denmark hutumia hamira.

Kwa kuwa ni protini, insulini haimezwi. Tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya maharage ya Mbeya. Joto nalo huiharibu. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika nyuzi joto 2 hadi 8, na iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, hudumu wiki nne mahali pasipozidi nyuzi 30.

Bohari ya Dawa ina kanda Mbeya na Iringa, lakini safari ya dawa haiishii bohari. Mufindi na Uporoto kuna baridi, ilhali Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, na Pawaga mkoani Iringa ni tambarare zenye joto kali. Pasipo na jokofu, chungu kilichowekwa ndani ya kingine, katikati yake mchanga uliolowanishwa, hupoza dawa kwa uvukizi. Husaidia zaidi penye hewa kavu kama Pawaga kuliko Kyela yenye unyevunyevu.

Kwa mwenye jokofu, insulini isigusane na barafu, kwani iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Iliyoharibiwa na joto yaweza kuonekana nzima kwa macho. Sukari ikibaki juu licha ya sindano, mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja pamoja na chupa yake.