Mtumishi Aelezwe Kabla ya Mfumo Kuwashwa

Mwananchi wa Igowole, wilayani Mufindi mkoani Iringa, anapofuata huduma katika ofisi ya umma, mara nyingi hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo badala ya stakabadhi iliyoandikwa kwa mkono. Nyuma ya namba hiyo yuko mtumishi ambaye kazi yake imebadilika. Kama alielezwa mapema juu ya mabadiliko hayo na akayaelewa, mwananchi huhudumiwa na kuondoka. Kama hakuelezwa, mwananchi huambiwa kwamba mtandao unasumbua na arudi kesho.

Makala haya yanaeleza kwa nini mwajiri, awe wa umma au binafsi, anapaswa kuzungumza na watumishi wake mapema anapokusudia kuanzisha mfumo wa kidijitali, sheria zinasema nini kuhusu jambo hilo, na mtumishi ana haki ya kuelezwa mambo gani.

Mabadiliko yaliyokwishafanyika

Katika miaka ya karibuni utumishi wa umma nchini umepokea mifumo mingi. Mfumo wa Kielektroniki wa Ukusanyaji wa Mapato ya Serikali, unaofahamika kwa kifupi GePG, ulianza mwaka 2017. Julai 2023 ulianza kutumika mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS. Katika mwaka wa fedha 2023/24 watumishi walianza kuingia katika PEPMIS, mfumo wa kidijitali wa usimamizi wa utendaji kazi, ulioiweka kando MWAMTUKA, yaani fomu za wazi za mapitio na tathmini zilizokuwa zikitumika tangu mwaka 2004.

Mabadiliko hayo hayakuwa ya vifaa peke yake. Chini ya MWAMTUKA, mtumishi alijaza fomu ya karatasi na kukaa na msimamizi wake kwa vipindi. Chini ya PEPMIS, majukumu huingizwa katika mfumo, utekelezaji hutolewa taarifa humo humo, na msimamizi hutathmini humo humo. Kwa mwalimu au mhudumu wa zahanati aliye mbali na mnara wa simu, swali la kwanza si namna ya kubonyeza. Swali lake ni kama kukosa mtandao kutahesabiwa kuwa ni kukosa kazi. Swali hilo linahitaji jibu kabla ya siku ya kuanza, kwa kuwa likichelewa kujibiwa hugeuka kuwa lalamiko.

Chanzo cha hofu

Kiongozi anayetangaza mfumo mpya hana budi kukumbuka kwamba anazungumza na watu wenye kumbukumbu. Mwaka 2016 ulifanyika uhakiki wa watumishi hewa. Aprili 2017 ilitolewa taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Mazoezi hayo yalikuwa na shabaha yake, lakini yaliwafundisha watumishi wengi, hata wasio na kosa, kuhusisha ukusanyaji wa taarifa zao na kuondolewa kazini. Hivyo basi, mtumishi anapoombwa ghafla namba ya kitambulisho, alama za vidole na nakala za vyeti bila kuelezwa sababu, hujitafutia sababu mwenyewe. Akiikosa ofisini, ataipata katika makundi ya WhatsApp, na huko hataipata iliyo sahihi.

Ni vema pia kutambua kwamba hofu hiyo si ya uvivu wala ya kupinga maendeleo. Mtunza kumbukumbu wa masijala aliyejenga heshima yake kwa kujua jalada lilipo anayo haki ya kuuliza atakuwa nani pale jalada litakapotafutwa kwa kompyuta.

Sheria zinasema nini

Jambo la kumshirikisha mfanyakazi si geni nchini. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulielekeza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi mahali pa kazi. Kwa upande wa utumishi wa umma, Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003 imeyapa mabaraza hayo nafasi yake. Baraza la Wafanyakazi ndipo mahali pa kwanza pa kupeleka wazo la mfumo mpya, na si mahali pa kutoa taarifa ya jambo lililokwisha.

Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, inayosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, inaweka utaratibu wa miradi ya TEHAMA katika taasisi za umma, ikiwemo kuwa na kamati za kuisimamia. Kwa hiyo kati ya wazo na utekelezaji kuna muda wa maandalizi. Muda huo ndio wa kuzungumza na watumishi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu kumjulisha madhumuni ya ukusanyaji huo. Mwajiri anayefunga mashine ya mahudhurio kwa alama za vidole anaguswa na wajibu huo.

Pale teknolojia inapoweza kupunguza ajira, wajibu ni mzito zaidi. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi kutoa taarifa mara tu anapofikiria hatua hiyo, kutoa taarifa zote muhimu, na kushauriana kabla ya kutekeleza. Mashauriano hayo yahusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza athari, namna ya kuwateua watakaoguswa, muda, na malipo ya kuachishwa. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinataja wazi mahitaji ya kiteknolojia kuwa miongoni mwa sababu hizo. Katika wilaya kama Mufindi, yenye mashamba na viwanda vya chai, viwanda vya mbao na kiwanda cha karatasi, kifungu hicho kinagusa kaya nyingi.

Kuelezwa ni kusikilizwa pia

Mwajiri anayezungumza mapema hafanyi hisani. Anapata taarifa ambazo mtengenezaji wa mfumo hana. Chukulia mfano wa kata ambayo ofisi yake inaandaa daftari la kidijitali la wakazi. Mtendaji wa kijiji anajua kwamba katika kitongoji kimoja wako wazee watatu wenye jina moja, kwamba baadhi yao hawajapata namba ya kitambulisho cha Taifa, na kwamba wakati wa masika umeme hukatika mara kwa mara. Mambo hayo yakisemwa kabla ya mfumo kusanifiwa, hurekebishwa mezani. Yakisemwa baadaye, hurekebishwa mbele ya mwananchi aliyetembea kilomita nyingi, na kwa gharama ya fedha ya umma.

Mambo ambayo mtumishi anapaswa kuelezwa

Taarifa ya awali haina haja ya kuwa ndefu, lakini ijibu maswali yafuatayo kwa Kiswahili chepesi:

1. Mfumo unaletwa kutatua tatizo gani, na nani amethibitisha kuwa tatizo hilo lipo.

2. Kazi ipi itaondoka, ipi itabaki na ipi itaongezeka kwa kila kada.

3. Kama kuna nafasi itakayofutwa au mtumishi atakayehamishwa. Kama uamuzi haujafikiwa, isemwe hivyo, na itajwe tarehe ambayo jibu litatolewa.

4. Taarifa zipi za mtumishi zitakusanywa, nani ataziona na zitatumika kwa lengo gani.

5. Mafunzo yatatolewa lini, wapi na kwa gharama ya nani, ikiwemo kifaa na kifurushi cha intaneti.

6. Nini kifanyike umeme au mtandao ukikosekana, na kama mtumishi hataadhibiwa kwa sababu hiyo.

7. Nani wa kuulizwa, na majibu yatachukua muda gani.

Nani aseme, na kwa utaratibu gani

Uamuzi wa kuanzisha mfumo utangazwe na mkuu wa taasisi mwenyewe, kwani watumishi hupima uzito wa jambo kwa cheo cha msemaji. Athari kwa kazi ya kila siku zielezwe na msimamizi wa karibu, kwa kuwa ndiye anayeijua kazi hiyo. Maofisa TEHAMA waeleze namna ya kutumia, lakini wasiachiwe mzigo wa kujibu maswali ya ajira. Vyama vya wafanyakazi, kama vile TALGWU kwa watumishi wa serikali za mitaa na CWT kwa walimu, vipewe taarifa sambamba na watumishi, si baada yao.

Waraka uliobandikwa kwenye ubao wa matangazo ni ushahidi kwamba taarifa ilitolewa. Hauthibitishi kwamba taarifa ilieleweka. Kikao ambacho watumishi wanauliza, maswali yao yakaandikwa, na majibu yakasomwa katika kikao kinachofuata, ndicho kinachojenga imani. Watumishi wa zamu na walio katika vituo vya mbali wafuatwe huko huko waliko.

Zipo pia kauli za kuepukwa. Kuahidi kwamba hakuna kitakachobadilika si kweli, na mtumishi huliona hilo siku ya kwanza. Kusubiri mpaka kila kitu kikamilike ndipo watumishi waambiwe huuacha uvumi ukitangulia.

Wajibu wa mtumishi na wa mwananchi

Mtumishi aliyeelezwa mapema naye ana wajibu wa kuhudhuria mafunzo, kuuliza palepale asipoelewa, na kutoa taarifa ya kasoro kwa njia rasmi. Mwananchi, kwa upande wake, anapoona huduma imebadilika, ana haki ya kuelezwa utaratibu mpya na kuuliza utaratibu mbadala pale mfumo unapokwama.

Mfumo wowote hufanya kazi kwa mikono ya watu. Walioshirikishwa tangu wazo lilipozaliwa huulinda kama mali yao, nao ndio watakaomwambia mwananchi wa Igowole, bila kumtuma arudi kesho, kwamba namba yake iko tayari.