Kiwanda cha Viuadudu Kibaha: Miaka Kumi ya Kwanza

Wenyeji wa Kibaha wa rika la zamani wakisikia jina la eneo la TAMCO hukumbuka malori. Katika eneo hilo ndiko Scania zilikounganishwa enzi za mashirika ya umma, hadi shughuli zikadorora. Mwenye eneo ni Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lenye mizizi yake mwaka 1962. Julai 2015, Rais Jakaya Kikwete alifungua hapo kiwanda kisicho na chesisi wala injini: Tanzania Biotech Products Limited, TBPL, mali ya NDC, kinachokuza bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu. Ujuzi ulitoka Cuba, kwa kampuni ya Labiofam. Ujenzi uligharimu takriban dola milioni 22 za Marekani, na uwezo wake ni lita milioni 6 kwa mwaka.

Haja yenyewe ilikuwapo zamani. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, ukateremka kukatiza Dar es Salaam hadi baharini. Mabondeni mwake watu hulima mboga na viazi kwenye matuta, na maji yanayotuama kati ya tuta na tuta ni nyumba tosha ya mbu wa malaria. Mwaka 2004 jiji lilianza mpango wake wa kudhibiti malaria. Mwaka 2006 dawa ya bakteria ikaanza kumwagwa katika kata 3, na kufikia 2008 kata zilikuwa 15. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa unyunyiziaji ule ulipunguza uwezekano wa mtu kukutwa na malaria kwa takriban asilimia 21. Lakini dawa ile ilitoka ng'ambo. Kwangu mimi, hiyo ndiyo hoja iliyokizaa kiwanda cha Kibaha.

Kinachopikwa ndani ya matangi yale kinastahili kuelezwa. Bakteria hulishwa, hupewa hewa na joto wanalolitaka, wakazaana hadi chakula kinapopungua. Hapo hujifunga kuwa chembe ngumu, na pamoja na chembe hutengenezeka fuwele ya protini. Kiluwiluwi huila fuwele hiyo pamoja na taka za majini, nayo huyeyuka tumboni mwake na kutoboa utumbo. Binadamu, ng'ombe na samaki hawadhuriki. Kiwanda kina aina mbili: Bactivec, na Griselesf inayostahimili zaidi maji machafu, yale ya mitaro na mashimo ya vyoo.

Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu. Mzigo ulikuwapo, wanunuzi hawakuja. Juni 2017 Rais John Magufuli alifika Kibaha, akaamuru serikali ilipie lita 100,000 na halmashauri zije kuzichukua. Agizo lile nalihesabu kuwa ufunguzi wa pili wa kiwanda. Hata hivyo, lita hizo ni sehemu moja tu ya sitini ya uwezo wa mwaka mmoja. Sioni haki kuzibebesha halmashauri lawama yote ya mzigo kukosa wanunuzi. Dawa hii haikai kabatini ikingoja mgonjwa kama dawa mseto. Inahitaji mtu anayejua kila dimbwi la mtaa wake, bomba la mgongoni, na posho isiyokatika.

Baadaye kiwanda kilijipanua kwa kuongeza bidhaa: viuatilifu hai vya mazao, vikiwemo vya kupambana na funza wa vitumba wa pamba. Ufundi ni ule ule, matangi ni yale yale, ila mkulima ana msimu wake na huona faida mfukoni.

Bactivec iliyomwagwa leo huhitaji kurudiwa baada ya wiki moja hivi. Masika ikiingia, madimbwi mapya hutokea kila mvua inapokatika, kuanzia mitaa ya Kibaha hadi mabonde ya chini ya Pugu, na mwenye bomba huanza mzunguko upya.